Chanjo ya homa ya ini iletwe pale pale kwenye dirisha la methadone

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, nina jambo limenikaa kifuani tangu mwaka jana na nimeona nikiendelea kulisemea kijiweni tu halitawafikia wanaotakiwa kulisikia. Mimi ni dereva bajaji hapa Dodoma mjini, sio daktari wala sio mtu wa siasa, ila nina mdogo wangu tumbo moja ambaye alikuwa anatumia unga, tena wa kujidunga, na sasa hivi anakunywa methadone, ile dawa mbadala wanayopewa watu walioacha heroini. Kila asubuhi kabla sijabeba abiria yeyote nampeleka yeye kwanza, anapanga foleni, anapewa kikombe anakunywa pale pale nesi anamwangalia, anaongeleshwa kidogo ili ijulikane amemeza, basi, namrudisha mjini anaenda kutafuta kibarua. Jumatatu mpaka Jumapili, Idi yupo, Krismasi yupo, mvua ikinyesha yupo. Naomba hilo la kila siku msomaji alishike, maana nitalirudia.

Kilichonifanya nianze kufuatilia mambo haya ni msiba. Mdogo wangu alikuwa na mwenzake waliokaa geto moja enzi zile, na huyo ndo walikuwa wanachangia bomba la sindano. Namjua toka mdogo kabisa, mama yake na mama yetu walikuwa wanauza mboga meza jirani sokoni Majengo. Mwaka jana akaanza kusema amechoka tu, chakula hataki, mkojo mweusi kama chai ya rangi, baadaye macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji na miguu ikavimba. Kwao wakasema ni homa ya manjano, shangazi yake akasema karogwa, akapelekwa kwa mtaalamu akapewa mizizi ya kuchemsha, hapo zikaisha wiki tatu. Alivyofikishwa hospitali wakakuta ini limeshakuwa gumu na lina uvimbe, na kipimo kikasema ana virusi vya homa ya ini B. Hakumaliza mwezi. Nilikuwa kwenye waliombeba siku ya kumzika, na ukiacha lile tumbo alikuwa mwepesi kama mtoto wa darasa la tatu.

Hapa nisimame kidogo kwasababu hili jina linapoteza watu. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaletwa na mbu, ndo ule ambao wasafiri wanachomwa na kupewa kadi ya njano. Macho kuwa ya njano ni ini linalia, na ini linaweza kulia kwa sababu nyingi, homa ya ini B ikiwa mojawapo. Na hii B haina mbu, inakaa kwenye damu na maji maji ya mwili, inapita kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, inapita kwa kufanya mapenzi, na inapita kwenye sindano. Haipiti kwa kula sahani moja wala kushikana mikono wala kukohoa.

Kwenye sindano ndo penyewe. Mdogo wangu alishanielezea siku moja tumepaki kivulini, wanakaa watatu wanne, hela ya kete imepatikana kwa kuchanga, bomba ni moja, mmoja akimaliza analisuuza kwenye maji ya kwenye kifuniko cha chupa anampa mwenzake, na anayefuata anasuuza kwenye maji yale yale. Aliniambia kaka ukiwa na arosto, yale mateso ya kukosa unga, huoni kama maji yameshakuwa ya pinki. Sasa nilivyokuja kusoma kwamba kirusi hiki kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 nzima na bado kikaambukiza nikaelewa kwanini hata bomba lililokauka, hata kile kijiko, hata kipamba cha kuchujia, vyote vina hatari. Watu wengi tunaogopa ukimwi, na ni sawa kuuogopa, lakini hiki kinaambukiza kirahisi kuliko ukimwi na hamna anayekitaja.

Baada ya msiba nikamwambia mdogo wangu tukapime. Kupima kwenyewe kukawa shughuli. Tulienda hospitali moja ambayo sitaitaja, nesi akafunga mpira mkono wa kulia, hamna mshipa, wa kushoto hamna, kwenye kiganja hamna, maana mishipa ya mtu aliyejidunga miaka inakufa, inakuwa migumu kama kamba chini ya ngozi. Akachoma mara tano. Mara ya tano akasema kwa sauti watu wote kwenye benchi wakasikia, "si ulikuwa unautafuta mwenyewe, tuonyeshe basi ulipo". Mdogo wangu akacheka. Mi namjua, ile sio cheko. Njia nzima kwenye bajaji hakusema neno, tulivyofika nyumbani akaniambia kaka pale sirudi tena, na kweli hakurudi. Zikapita wiki mbili mpaka tulipopata sehemu nyingine wana kile kipimo cha kutoboa kidole, tone moja la damu kama kipimo cha malaria, unasubiri kama robo saa unaambiwa. Wiki mbili zile zote sikulala vizuri, na kumbe kipimo cha kidole kilikuwepo mjini hapa hapa muda wote.

Majibu yakatoka hana. Nilimshukuru Mungu pale pale nje. Dada aliyempima, wa heshima sana huyu, akamwambia wewe una bahati ya ajabu, nenda kachanjwe kabla bahati haijaisha.

Na hapa naomba watu waelewe kitu kimoja. Chanjo hii inachomwa begani kwenye msuli. Haitafutiwi mshipa. Kwahiyo ile aibu yote ya kuchomwa chomwa mara tano haipo, ni sekunde tatu, plasta, umeondoka. Nawaambia wale ambao wanaogopa sindano za hospitali kwasababu ya yaliyowakuta.

Tukaenda kuchanja. Tukalipia, sio hela ya kutisha kwa mwenye mshahara, ila kwa mtu anayebeba viroba vya vitunguu sokoni ni siku mbili nzima za mgongo wake, na dozi ni tatu. Akachomwa ya kwanza, akaambiwa rudi baada ya mwezi, ya tatu utachoma ukitimiza miezi sita toka ile ya kwanza. Mwezi ukafika tukarudi, chanjo imeisha, njooni wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa hivo hivo. Mimi nina marejesho ya bajaji, kila nikisimama masaa matatu pale nje siku inaniharibikia, nikaacha kidogo, tukarudi mwezi wa tatu. Safari hii tukakuta mtu mwingine, anaangalia kadi anasema mmechelewa, inabidi muanze upya, mlipe upya. Nikalipa. Nimekuja kujua baadaye kwamba haikutakiwa, dozi uliyochoma haipotei, ukichelewa unaendelea pale ulipoishia, huanzi moja. Hilo nalisema kwa herufi kubwa kabisa kwa yeyote ambaye kadi yake imelala kabatini kwa kuogopa ataambiwa amechelewa, nenda kaendelee.

Siku ile jioni nikachukua kadi ya kliniki ya binti yangu, ana miaka sita sasa. Nikaona penta moja, penta mbili, penta tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zote zimewekwa tarehe. Penta ni sindano moja yenye chanjo tano, na ya homa ya ini B imo ndani. Hakuna aliyenilipisha hata shilingi. Tanzania iliingiza chanjo hii kwa watoto mwaka 2002, na kwenye mfumo huu wa penta kuanzia 2009. Mdogo wangu amezaliwa 1991. Yaani yeye na kizazi chake chote, na mimi, na wengi mno ninaowaona asubuhi kwenye ile foleni ya methadone, tulizaliwa kabla, hakuna kadi ya mtu yeyote kati yetu ina chanjo hiyo. Wale wa 2002 ndo kwanza wameshakuwa watu wazima. Kwahiyo tuna kundi kubwa la watu wazima ambalo halina kinga, na ndani ya kundi hilo kuna watu ambao kwa maisha waliyopitia wako kwenye hatari kuliko mtu mwingine yeyote, na hao hao ndo tunawaambia wakatafute chanjo wenyewe, kwa hela yao, mbali.

Ombi langu ni hili. Chanjo iletwe kwenye dirisha la methadone, bure, ichomwe hapo hapo.

Nilisema nitarudia lile la kila siku. Serikali yetu ilifanya jambo kubwa sana, huduma ya methadone ilianza Muhimbili Februari 2011 na wakati ule nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo kabisa, halafu ikasambaa mikoani mpaka ikatufikia na sisi huku. Imeokoa mdogo wangu, nisingekuwa na ndugu leo. Sasa angalia, watu ambao kila mtu anasema ni wagumu kuwapata, hawakai sehemu moja, simu wanauza, leo wako Dodoma kesho wako Dar, hawa hawa wanakuja wenyewe kila asubuhi kwa miguu yao, dirisha moja, nesi anawajua kwa majina. Mama mwenye mtoto mchanga anakuja kliniki mara moja kwa mwezi na tunamchanja mtoto wake vizuri tu. Huyu anakuja mara 30 kwa mwezi halafu tunamkosa!

Na wala haihitajiki ile ratiba ya miezi sita. Ipo ratiba ya haraka, siku ya kwanza, siku ya 7, siku ya 21, halafu moja ya kufungia baada ya mwaka. Uingereza wanawachanja wafungwa magerezani kwa ratiba hiyo, kwasababu mfungwa wa kifungo kifupi huwezi kumsubiria miezi sita. Na Shirika la Afya Duniani toka 2012 walishasema watu wanaojidunga wapewe hii ya haraka. Wiki tatu tu, mtu ambaye anakuja kila siku, utamkosaje? Pia wala usisubiri majibu ya kipimo ndo uchome, kipimo cha kidole na dozi ya kwanza vyaweza kwenda siku moja, akikutwa anacho tayari chanjo haimdhuru, akikutwa hana ameshaanza kinga. Ukimwambia njoo kesho kwa majibu halafu keshokutwa kwa chanjo ndo unampotezea hapo.

Kinachohitajika ni friji, kwasababu chanjo hii inataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 na ikiganda imeharibika. Na daftari. Nesi tayari yupo.

Sio kwamba kuweka chanjo bure peke yake kunatosha, na hili nimejifunza kwa Waingereza hao hao. Walifanya utafiti kwenye kliniki zao za dawa mbadala ya heroini, ukachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2014, watu 210, chanjo bure, ratiba ya wiki tatu. Kundi moja likapewa chanjo tu, makundi mengine wakapewa vocha ndogo ya manunuzi kila wakija kuchoma, jumla pauni 30. Wale wa chanjo tu, waliomaliza dozi tatu kwa wakati walikuwa 9 katika kila 100. Wale wa vocha, 45 mpaka 49. Mimi nikisoma hii sioni watu wavivu, naona mtu anayepigania mlo wa mchana, ukimwongezea hata nauli ya daladala au kilo ya sukari unampa sababu ya kuchelewa kibarua dakika kumi. Wapo watakaosema ni kuhonga watu wajali afya zao. Sijui mbona tunagawa neti bure na hakuna anayesema tunahonga watu walale.

Hilo linanileta kwenye ubishi wa kijiweni. Kuna mwenzangu, ni rafiki yangu kabisa, aliniambia kwanini hela ya umma iende kwa mateja wakati kuna wazee wanakosa dawa ya presha. Nilimjibu siku ile kwa hasira, leo namjibu vizuri. Kwanza huyo unayemwita teja ana mama yake, na mama huyo ni mlipa kodi kama wewe, ushuru wa meza sokoni analipa. Pili huyo mtu ana mke au mpenzi, na mpenzi huyo atabeba mimba, na mtoto mchanga akiipata kwa mama yake 90 katika 100 inawaganda maisha, wakati mtu mzima akiipata wengi mwili unaifukuza. Tatu kuna lile korongo nyuma ya kwetu. Mwaka juzi nilimkuta binti yangu na wenzake wawili wana bomba la sindano, wameliokota huko, wanavutia maji ya dimbwi na kurushiana. Sindano ilikuwa bado ipo mbele. Nilimnyang'anya mikono inatetemeka, nikamkagua vidole kimoja kimoja, hakuwa amechomwa, na kama angechomwa kwa upande wa homa ya ini alikuwa na penta zake tatu. Aliyelitupa lile bomba hana. Ukimkinga yule umekinga na korongo.

Sasa kuna waliokutwa nayo tayari, na hao nao wasisahaulike kwasababu chanjo haiwasaidii wao, inasaidia wake zao na watoto wao. Kwa wenyewe ipo dawa inaitwa tenofovir, ni kidonge kimoja kwa siku, haiondoi kirusi moja kwa moja ila inakituliza ini lisiharibike, na nchini ipo muda mrefu maana ni moja ya dawa za ukimwi. Mwenye vyote viwili, virusi vya ukimwi na homa ya ini B, vidonge anavyokunywa vya ukimwi vyenye tenofovir vinafanya kazi pande zote, na asiviache ghafla kwasababu ini linaweza kulipuka. Sio kila mwenye kirusi anaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo, wanaangalia ini kwanza, ila afuatiliwe, aache pombe. Yule ndugu yetu tuliyemzika angepimwa miaka miwili nyuma, naamini angekuwepo.

Mizizi ya kuchemsha naomba jamani tuiache kwa ini. Ini ndo linalochuja kila unachokunywa, likiwa linaumwa halafu unalimwagia vitu usivyojua vina nini unaliongezea mzigo.

Na sahani. Zile wiki mbili tulizokuwa tunasubiri kipimo, mama yetu, ambaye anampenda huyu mtoto kuliko sisi wote, alimtengea sahani yake ya plastiki ya bluu na kikombe cha bati, anaviosha mwisho, anavianika peke yake juu ya kibanda cha kuku. Hakuna aliyesema kitu. Mdogo wangu alikuwa akimaliza kula anavichukua mwenyewe anaenda kuvianika kule bila kuambiwa. Baada ya majibu nilimwambia mama hata angekuwa nayo haiambukizi kwa sahani, mama akalia, akasema alimwogopea mjukuu wake. Simlaumu, hakuna mtu alikuja kumwambia. Kila mwaka tarehe 28 Julai ni siku ya homa ya ini duniani, siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, yule Mmarekani aliyegundua kirusi hiki na akapewa Nobel mwaka 1976, na mimi siku hiyo nikipita naona mabango mjini, watu wamevaa fulana. Bango halifiki kwenye kibanda cha kuku. Mtu anafika. Wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba kutuambia mambo ya kipindupindu, waongezewe na hili, dakika tano tu.

Barua hii nimemsomea mdogo wangu kabla ya kutuma, akasema sawa, ila akanikumbusha nisisahau ya Jumanne. Jumanne hiyo alikuwa ametoka kuchoma dozi ya mwisho jana yake, bega linamuuma kidogo, plasta bado ipo. Kwenye foleni jamaa mmoja wa makamo akamuuliza hiyo sindano ya nini tena wewe si umeacha. Akamweleza. Aliye nyuma akageuka, na wa mbele, wakawa kama sita wanamsikiliza, mmoja wao akasema kaka yake alikufa na tumbo kama la yule rafiki yetu. Mwingine akapandisha mkono wa shati mpaka begani kabisa akasema mi niko tayari hata sasa hivi, wanachoma dirisha gani hapa? Mdogo wangu akaniangalia mimi, na wao wote wakaniangalia, maana mimi ndo mwenye bajaji, najua mji. Niliwatajia sehemu mbili za kulipia. Yule jamaa akashusha mkono wa shati, akarudi kwenye foleni yake.

Ni mimi dereva bajaji,
Dodoma

(Jina na namba yangu unavyo Mhariri, naomba visitoke kwa ajili ya mdogo wangu.)